Insha za Mji wa Kale: Sheikh al-Amin Mazrui na Mwanzo wa Nathari ya Hoja katika Kiswahili

Historia ya nathari ya Kiswahili, kama inavyofundishwa katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki, ina milango miwili ya kuingilia. Katika usimulizi mwanafunzi huelekezwa kwenye Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Katika insha huelekezwa kwa Shaaban Robert, na hasa Kielezo cha Insha cha mwaka 1954. Baada ya hapo safari huendelea kwa Kusadikika na Adili na Nduguze, na mwanafunzi huyo akamaliza shahada yake bila ya kutajiwa kwamba mwaka 1930, miaka minne kabla ya Mbotela, palikuwa na karatasi iliyokuwa ikitolewa Mombasa, imeandikwa kwa Kiswahili cha hapo hapo, na kila toleo lake limejengwa kwa hoja. Mbotela alitoka Freretown, kijiji cha wamisheni kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kutoka Freretown hadi Mji wa Kale ni kuvuka mlango wa bahari tu. Maandishi ya upande mmoja wa maji yameingia katika historia ya fasihi; ya upande wa pili yamewekwa katika rafu ya dini.

Makala haya yanakusudia kuyatoa katika rafu hiyo. Yanahusu makala alizoandika Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) katika Sahifa, iliyoanza kutoka mwaka 1930, na mkusanyo wake uliochapishwa mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi na kupigwa chapa tena mwaka 1955. Dai lenyewe ni jepesi kulisema: makala hizo ni insha kwa maana kamili ya neno hilo katika fasihi, na uhakiki umeshindwa kuziona kwa sababu ya hati zilizoandikiwa, lahaja zilizosemewa, na kofia ya mwandishi wake.

Karatasi na wakati wake

Mwandishi huyu alizaliwa Mombasa katika ukoo uliowahi kuitawala. Alilelewa katika elimu ya dini, akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akafanywa Kadhi Mkuu wa Kenya. Watu wengi nje ya Pwani humjua kama baba wa Profesa Ali Mazrui (1933–2014), jambo ambalo ni kweli lakini halisaidii kuyasoma maandishi yake. Linalosaidia zaidi ni kujua kwamba alikuwa msomaji wa wanamageuzi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida, na wa jarida la al-Manar lililotoka Cairo. Kwao alijifunza kwamba mwanachuoni anaweza kuacha kuandika sherehe juu ya sherehe za vitabu vya kale, akaandika ukurasa mmoja juu ya jambo lililotokea mjini wiki ile ile. Neno sahifa lenyewe ni ukurasa. Jina hilo halidai makubwa. Mwaka 1932 lilifuata gazeti la Al-Islah, yaani marekebisho, lililotumia lugha mbili, Kiswahili na Kiarabu.

Magazeti ya Kiswahili hayakuanza na Sheikh al-Amin. Wamisheni wa Unguja walikuwa na Msimulizi tangu mwaka 1888, Wajerumani walikuwa na Kiongozi huko Tanga, na tangu mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilikuwa ikitoa Mambo Leo. Lakini hayo yote yalikuwa magazeti ya mtu mwingine: ya misheni au ya serikali, na mwenyeji aliandika humo kwa ruhusa. Upya wa Sahifa ulikuwa katika mamlaka ya sauti. Msemaji alikuwa mwana wa mji akiwasema wenziwe, kwa lugha ya barazani kwao, juu ya aibu zao wenyewe.

Mwaka wenyewe pia una maana yake. Mnamo 1928 ulifanyika mkutano wa serikali za Afrika Mashariki juu ya lugha, akiwapo mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof, na humo Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kimvita, kilichokuwa na diwani ya Muyaka bin Haji nyuma yake na kilichopiganiwa na baadhi ya wamisheni wa Kenya, kilishindwa. Mkutano huo ulikaa Mombasa. Lahaja ya mji ilihukumiwa mjini kwake, na waliohukumu walikuwa wageni. Kamati ya Lugha ilianza kazi mwezi wa Januari 1930, na mwaka huo huo ndipo ilipotoka Sahifa. Hakuna haja ya kudai kwamba Sheikh al-Amin alikuwa akiijibu Kamati. Mambo yaliyomshughulisha yalikuwa mengine. Hata hivyo, mhakiki hawezi kuyaacha matukio haya mawili yapite kila moja njia yake. Katika mwaka ambao Kimvita kilinyimwa cheo cha kuandikiwa vitabu vya shule, mwenyeji mmoja alianza kukiandikia nathari ya hoja.

Hati mbili

Sahifa iliandikwa kwa hati za Kiarabu. Uwongozi ulichapwa kwa hati za Kirumi. Jambo hili huchukuliwa kama la kiufundi, kana kwamba ni kumwaga maji kutoka chombo hiki kuingia kile. Kwa hakika ni badiliko la wasomaji.

Hati za Kiarabu, kabla ya kufanyiwa marekebisho, haziwezi kuipambanua e na i, wala o na u, na mara nyingi p huandikwa kwa herufi ya b. Wamisheni waliuona huu kuwa upungufu, na kwa mwanafunzi mgeni ni upungufu kweli. Kwa msomaji wa Mombasa ulikuwa kitu kingine. Hati iliyoacha nafasi ilimtaka msomaji aijaze kwa mdomo wake mwenyewe, na aliyeweza kuijaza ni yule aliyekwisha kuijua lugha. Ukurasa ulikuwa na mlango, na ufunguo wake ulikuwa Kimvita. Hati za Kirumi hazikuacha nafasi ila chache, lakini nafasi hizo zilijazwa mapema na Kiunguja. Msomaji wa Sanifu akiona neno paa hana alama ya kumjulisha kama ni paa la nyumba au ni yule mnyama wa mwituni. Mmombasa humtamka mnyama kwa mpumuo, na paa la nyumba bila ya mpumuo. Ndivyo ilivyo kwa kaa la moto na kaa wa baharini, na taa ya kuwashwa na taa wa kuvuliwa. Kimvita tena kina t mbili, moja ya meno na moja ya ufizi, na ile t isimamayo mahali pa ch ya Kiunguja humfanya Mmombasa aseme mato kwa macho na mtele kwa mchele. Tahajia sanifu haina njia ya kuzipambanua t hizo.

Kuna ushahidi kwamba wenyeji wenyewe hawakuliona jambo hili dogo. Katika karne ya kumi na tisa Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya mashairi ya Muyaka na kumwandikia mmisheni W. E. Taylor, na Taylor alitaabika kutafuta alama za kuonyesha sauti za Mombasa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha London, alichapisha pamoja na P. J. L. Frankl pendekezo kamili la kuandika Kiswahili cha Mombasa kwa hati za Kiarabu zilizorekebishwa. Kati ya nyakati hizo mbili limesimama jina la kitabu cha mwaka 1944, na jina lenyewe ni somo. Sanifu ingetaka Uongozi. Kitabu kimesema Uwongozi, kwa w inayosikika katika kinywa cha Mombasa. Jicho la mwanafunzi wa leo, likiwa limezoea Sanifu, huangukia kwanza neno uwongo na kushtuka. Ni bahati mbaya kwa kitabu cha maadili, na pengine baadhi ya walimu wamekikwepa kwa sababu hiyo tu.

Jambo hili lina mfano wa mbali unaofaa kutazamwa. Mwaka 1906, katika mji wa Vilnius, lilianza kutoka gazeti la wiki la Kibelarusi liitwalo Nasha Niva, yaani shamba letu. Kibelarusi wakati huo kilikuwa katika kivuli cha Kirusi na Kipolandi, na wengi walikihesabu kuwa lafudhi tu ya wakulima. Hadi mwaka 1912 gazeti hilo lilichapwa kwa hati mbili kwa pamoja: za Kisirili kwa wasomaji wa Kiorthodoksi na za Kilatini kwa Wakatoliki. Hati zilikuwa alama ya dini kama zilivyokuwa Pwani. Lilichapisha barua za watu wa vijijini pamoja na mashairi ya Yanka Kupala, ambaye baadaye alilihariri, na likakoma mwaka 1915. Linalohusu makala haya ni namna wahakiki wa kwao walivyolipokea. Miaka ile huitwa kipindi cha Nasha Niva katika historia ya fasihi yao. Gazeti limetoa jina la zama. Tofauti na Mombasa ziko nyingi, na kubwa ni kwamba Wabelarusi walikuwa wakijenga taifa, ilhali Sheikh al-Amin alikuwa akiujenga umma. Lakini swali linabaki: kwa nini karatasi ya wiki iwe kitovu cha fasihi kule, na huku iwe tanbihi?

Umbo la insha

Jibu la kawaida ni kwamba Sahifa ilikuwa na mawaidha, na mawaidha si fasihi. Jibu hili halisimami. Kielezo cha Insha kimejaa mawaidha, Adili na Nduguze hutangaza mawaidha katika jina lake, na Utendi wa Mwana Kupona, ambao hakuna anayeutoa katika fasihi, ni wasia wa mama kwa mwanawe kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachotenganisha insha na hotuba ya msikitini ni namna ya kulifikia waidhi.

Katika hotuba mwenye kusema yu juu ya mimbari. Aya na hadithi hutangulia, na maisha ya wasikizaji hufuata kama mfano. Katika makala za Uwongozi mpango huu mara nyingi hupinduliwa. Mwandishi huanza na jambo ambalo kila mtu wa mji amelishuhudia: gharama za harusi na matanga zinazomwacha mwenye nyumba na deni, kijana anayeiga mavazi ya Wazungu na asiige bidii yao, wazazi wanaoacha watoto bila elimu. Huuliza maswali, na maswali hayo hayajibiwi papo hapo. Huleta pingamizi ambalo msomaji angelitoa, akalipa nguvu yake, kisha akalivunja. Dalili ya dini huja mahali ambapo hoja imekwisha kukomaa, kama muhuri juu ya barua iliyokwisha kuandikwa. Huu ni ufundi wa mtu anayejua kwamba msomaji anaweza kuitupa karatasi, kitu ambacho msikizaji wa Ijumaa hawezi kukifanya.

Suala la kuiga linafaa kukaliwa kidogo, kwa kuwa ndipo fikra na fani zinapokutana vizuri zaidi. Sheikh al-Amin hakukataza kuiga. Hoja yake ni kwamba watu wa pwani wameiga yasiyo na faida, wakayaacha yaliyowapa Wazungu nguvu: elimu, kazi na umoja. Hoja ya namna hii inamweka mwandishi mahali pagumu, kwani yeye mwenyewe ameiga. Gazeti ni chombo cha Kizungu kilichopitia Cairo. Makala fupi yenye mada moja ni umbo lililoigwa. Basi kila ukurasa wa Sahifa ni kielelezo cha kuiga kunakokubalika, na umbo linaitetea hoja bila ya kutaja. Mhakiki anayetafuta uhusiano wa fani na maudhui, jambo linaloimbwa sana katika vitabu vya mtihani, angelipata hapa mfano ulio bora kuliko mingi anayowapa wanafunzi.

Lugha nayo ni ya mjadala. Sentensi ni fupi kuliko za Shaaban Robert, na hazina ule ulinganifu wa vina vya nathari ambao Shaaban aliupenda kiasi cha kuchosha. Msamiati wa Kiarabu ni mwingi, lakini ni Kiarabu kilichokwisha kuwa cha watu. Kwa msomaji wa Mji wa Kale hayakuwa mapambo. Msomaji wa bara huyaona mazito, na lawama hiyo imewaangukia waandishi wengi wa Mombasa, akiwamo Ahmad Nassir, ambaye Malenga wa Mvita (1971) ilimlazimu Shihabuddin Chiraghdin kuitangulizia maelezo marefu.

Sisi ni nani?

Udhaifu mkubwa wa insha hizi unakaa katika kiwakilishi kimoja. Mwandishi husema sisi, na nguvu ya makala zake hutokana na ujasiri wa kujihesabu ndani ya lawama. Lakini sisi hii ina kuta. Ni Waislamu wa pwani, hasa Waarabu na Waswahili, tena wanaume wenye nyumba, wenye cha kurithisha na cha kupoteza.

Katika miaka ile ile, upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, palikuwa pakikua mji mwingine. Jina hilo lilikuwa la watu kabla ya kuwa la bandari: Wakilindini ni mmoja wa Thelatha Taifa, pamoja na Watangana na Wachangamwe. Bandari ya meli kubwa ilipojengwa huko, ilivuta maelfu ya vibarua kutoka bara, na mwaka 1934 makuli wa bandarini waligoma. Mgomo mwingine ulifuata mwaka 1939, na mwezi wa Januari 1947, mwaka aliokufa Sheikh al-Amin, mgomo mkuu uliusimamisha mji. Hofu ya kupotelewa na mji inayopita chini ya makala za Uwongozi haieleweki bila ya Kilindini. Lakini kuli wa Kilindini hana sauti ndani ya sisi, hata akiwa Mwislamu. Insha inamuona mwenyeji anayeuza na kufuja. Haimtazami sana anayebeba.

Wanawake wamo, lakini husemwa. Mwandishi alitaka wasichana wasomeshwe, na kwa wakati wake hilo halikuwa jambo dogo. Ila mambo yaliyokuwa mikononi mwa wanawake wenyewe, sherehe za harusi, vyama vya lelemama kama Banu Saada na Ibinaal Watan vilivyoshindana kwa mavazi na nyimbo, kwa wanamageuzi yalikuwa israfu tupu. Ili kulisikia jibu, msomaji hana budi kwenda kwenye Wanawake Watatu wa Kiswahili (1991), kilichokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel, ambamo wanawake wa Mombasa wanasimulia maisha yao kwa Kimvita chao. Humo matumizi ya ngomani yana hesabu yake: ni heshima, ni ushirika, na kwa aliyezaliwa katika uzao wa watumwa, ni njia ya kukaa mkeka mmoja na waungwana. Vitabu hivi viwili havijawahi kufundishwa pamoja kama inavyostahili. Kimoja ni hoja iliyoandikwa na kadhi, kingine ni simulizi lililonaswa kwa mdomo. Kila kimoja hufichua palipofumbwa katika chenziwe, na vyote viwili ni nathari ya lahaja moja.

Mkondo uliofuata

Athari ya Sahifa imefuatwa na wanahistoria wa dini, na kwa haki. Sheikh Abdalla Saleh Farsy na Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, wanafunzi wake waliokuwa baadaye Makadhi Wakuu, waliendeleza desturi ya kuandika Kiswahili kwa ajili ya watu wote, na Muhammad Kasim alianzisha gazeti la Sauti ya Haki katika miaka ya 1970. Mwaka 2017 Kai Kresse alihariri chapa ya Uwongozi yenye Kiswahili na Kiingereza ubavuni, ikachapishwa Leiden, na kwa hiyo udhuru wa kwamba kitabu hakipatikani umekwisha. Hata hivyo, jina la chapa hiyo linalitambulisha gazeti kuwa la Kiislamu, na maktaba nyingi zitaliweka panapostahili jina hilo.

Mkondo ambao haujafuatwa ni wa fasihi. Mwezi wa Novemba 1968 ilisambazwa karatasi iliyouliza Kenya: Twendapi? Mwandishi wake, Abdilatif Abdalla, alikuwa kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, na karatasi hiyo ilimpeleka kifungoni kwa miaka mitatu, kuanzia 1969. Mashairi aliyoyatunga humo yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na yamehakikiwa kwa wingi. Karatasi iliyoyasababisha hutajwa katika mstari mmoja wa wasifu, kisha mhakiki hukimbilia ushairi. Lakini itazamwe kwa jicho la Uwongozi: ukurasa wa kugawanywa, jina lililo swali, msemaji anayejihesabu ndani ya umma anaoulaumu, Kiswahili cha hoja kilichotoka katika mji ule ule. Tofauti ni kwamba sisi ya mwaka 1968 imevuka kuta za Mji wa Kale. Imewachukua na watu wa Kilindini, na wa bara waliowaleta. Namna kiwakilishi hicho kilivyopanuka, kutoka umma wa kadhi hadi raia wa Abdilatif, ndilo somo linalongojea mtafiti mwenye kuvisoma vyote viwili kwa Kimvita, mpumuo wake na t zake mbili.